Waya wa Shingoni wa Fundi Alungat

Saa moja na robo asubuhi, foleni mbele ya mashine ya kusaga ya kina mama wa Mukuju imeshapinda kona. Kuna mabeseni, kuna magunia, kuna na debe moja lililowahi nafasi huku mwenyewe angali nyumbani akinywa chai. Justine Alungat anashuka kwenye bodaboda, anatua begi lake la vifaa, na badala ya kusalimia watu anainamisha kichwa upande mmoja.

Anasikiliza. Mota ndiyo iliyomleta, lakini masikio yake hayako kwenye mota. Yako kwenye sanduku la chuma la swichi lililopigiliwa ukutani, ambalo linatoa mvumo mwembamba usiokatika, kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo.

"Zimeni," anasema.

Mwenyekiti wa kikundi, Amulen, mama wa miaka sitini na miwili, anaitazama foleni kabla ya kumjibu. "Mama Barbara, watu ni wengi. Pima tu ikiwa nakwenda."

"Toto, zimeni kwanza," anajibu Justine, akimwita mama kwa Kiteso. "Tutasalimiana baadaye."

Wanazima. Mvumo nao unakoma. Justine anashusha swichi kuu, anaifunga kwa kufuli lake mwenyewe na kutia ufunguo mfukoni. Ndipo anapogeuka na kuwapa watu mkono, mmoja mmoja, bila haraka yoyote.

Ana umri wa miaka arobaini na mmoja. Ni fundi wa umeme wa mashine, mzaliwa wa hapa hapa Mukuju, mwenye kibanda cha kazi Busia upande wa Uganda, hatua chache kutoka mahali malori yanapojipanga kuvuka. Wiki njema humpa shilingi laki moja na nusu za Uganda. Wiki mbaya humpa ahadi. Lakini kitu watu wanachokijua zaidi kwake ni kile kinachoning'inia shingoni: kipande cha waya mwekundu, urefu wa kidole, kilichovuliwa ngozi ncha zote mbili na kupitishwa kwenye uzi.

Wengi huamini ni hirizi. Kasisi aliwahi kumwita pembeni baada ya misa akamwuliza, kwa upole, kama amerudi kwenye mambo ya kale. "Nikamwambia, Baba, hii si dawa ya mganga," anasema Justine na kucheka mpaka mabega yanatikisika. "Ila ikija siku ya shida, nitaishika kabla ya rozari. Hakufurahi."

Leo shida ipo. Mota ya mashine hii imeshaungua mara mbili katika muda wa miezi saba. Mara zote mbili ilipelekwa Tororo kusukwa upya nyuzi zake za shaba, na mara zote mbili kina mama walichanga. Sasa inachemka tena kiasi kwamba huwezi kuiwekea kiganja. Mashine nyingine ya kusaga iko mbali, kilomita sita kwa mguu, beseni kichwani. Kikundi kimekubaliana kwamba mota ikifa safari hii, wanauza banda na mabati yake.

"Hii mota nakufa mara mbili," Amulen anaeleza. "Fundi ile ya kwanza alisema umeme nakuja kidogo. Akapima, akasema hakuna kitu kwa waya. Mimi nauliza, kama hakuna kitu, mbona naungua?"

Swali zuri kuliko jibu alilopewa. Fundi yule, tunaelezwa, alikibana kipimo chake kwenye kebo nzima, waya zote tatu kwa pamoja, akasoma sifuri. Justine anatikisa kichwa. Si kwa dharau, maana anasema yeye mwenyewe aliwahi kufanya hivyo hivyo siku za mwanzo, akawaambia watu umeme umekatika huku taa zinawaka.

Anatoa klampu yake kwenye begi. Ni kipimo chenye taya mbili zinazofunguka na kufumba kama mdomo wa bata. Aliinunua Busia upande wa Kenya kwa shilingi elfu nne na mia tano za huko, baada ya kuweka akiba miezi minane. Muuzaji, kijana aitwaye Kevo, alimwonea huruma akampa na betri za bure. "Alikuwa amekuja dukani mara kama kumi hivi," Kevo anakumbuka. "Anaishika, anaiangalia, anarudisha. Siku ya kumi na moja nikasema, mathee, leo haurudishi hiyo kitu."

Ndani ya taya zile mna transfoma ya mkondo, chombo ambacho mafundi hukiita CT kwa kifupi. Justine hupenda kuwaeleza wateja wake, watake wasitake. Umeme wa majumbani na viwandani haukimbii upande mmoja tu, anasema. Unakwenda na kurudi mara hamsini kila sekunde, na katika kwenda na kurudi huko unaacha nguvu ya sumaku ikizunguka waya. CT ni pete. Waya mmoja unapita katikati ya pete bila kuigusa, na ile sumaku inaamsha umeme mdogo kwenye nyuzi zilizosukwa kuizunguka pete. Unapima huo mdogo, unaujua ule mkubwa.

"Simba humpimi kwa kumshika," anasema. "Unapima nyayo zake."

Na ukizipitisha waya zote kwa pamoja, nguvu zao zinafutana, pete haioni kitu. Ndiyo sifuri ya fundi yule.

Anafungua sanduku la swichi. Anachokiona kinamfanya asimame wima. Kwenye mlango wa sanduku kuna tundu la duara, tupu, mahali palipokuwa na mita ya kuonyesha mkondo. Ndani, pete nyeusi ya CT imeachwa mahali pake kwenye waya wa buluu. Nyaya mbili nyembamba zinazotoka kwenye pete hiyo zinaning'inia, kila moja imefungwa tepu peke yake, vizuri, kwa usafi. Tepu moja imeanza kubanduka.

"Nani anafungua hapa?" anauliza.

"Mimi," anajibu Amulen. "Kila asubuhi nafuta vumbi ya unga. Na kitambaa."

"Kikavu?"

"Nalowesha kidogo, ndiyo vumbi nashika."

Justine anakaa chini kwenye gunia la mtu. Mkono wake wa kulia uko juu ya goti, kiganja wazi, na hapo ndipo mgeni anapoliona kovu, limekunjamana kutoka chini ya kidole gumba hadi kifundoni.

Lilipatikana mwaka 2016, kwenye karakana moja ya Tororo ambayo hataki itajwe. Alikuwa kibarua, mwanamke peke yake kati ya wanaume kumi na wanne. Akaagizwa abadilishe mita iliyokufa wakati mitambo ikiendelea kuzunguka. Alifanya alivyofundishwa kuhusu waya wowote: akafungua mmoja, akataka kuufunga tepu.

"Sasa sikiliza," anasema, na sauti yake inashuka. "Waya nyingine zote duniani, ukitaka ziwe salama unazitenganisha. Unazifunga tepu, kila moja kivyake. Hizi za CT ni kinyume. Ukiziachanisha huku mkondo unapita, ile pete inakosa pa kupeleka umeme wake. Inausukuma mpaka unakuwa wa kuua. Hizi mbili lazima ziunganishwe. Zikishikana, hazina neno."

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Cheche ilimrusha ukutani. Msimamizi wake, Emong, ndiye aliyembeba hadi hospitali, na wiki mbili baadaye akaja nyumbani kwake na kipande cha waya mwekundu mkononi. "Aliniambia, kosa lilikuwa langu, nilikutuma bila kukufundisha. Akasema, kabla ya kugusa CT, unganisha na hiki. Mzee alilia. Sijakivua tangu siku hiyo ila kwa kazi."

Mwaka wa tatu baada ya ajali, Justine akafanya mtihani wa leseni ya ufundi, akashindwa kwa alama mbili. Akarudia, akapita. Pale Mukuju, wapo waliomcheka tangu aliporudi kutoka chuo cha ufundi akiwa msichana. Amulen alikuwa mmoja wao, na hafichi. "Nilisema, huyu atapanda nguzo na gauni refu ya gomesi? Nani ataoa?" Anajifunika mdomo kwa kanga. "Sasa angalia nani nashika kitambaa ya maji."

Justine anainuka. Anavua uzi shingoni, anaukata, na kwa bisibisi anaziunganisha zile nyaya mbili kwa kile kipande chekundu. Anakaza, anavuta kidogo kuhakikisha. Kisha anavaa glavu zake za mpira, anafungua kufuli, na kuomba mashine iwashwe, na mahindi yatiwe, kwa sababu mota isiyobeba mzigo haisemi ukweli.

Mota inanguruma. Ule mvumo wa nyuki haupo tena. Watu kwenye foleni wanatazamana.

Klampu inabana waya mmoja, halafu mwingine, haigusi shaba popote. Mwekundu, ampea 32. Wa njano, 30. Wa buluu, 9. Kibao kilichopigiliwa kwenye mota kinasema haipaswi kuzidi 21.

"Zimeni," anasema, na safari hii inazimwa kabla hajamaliza neno.

Waya wa buluu ulikuwa mvivu, na wenzake wawili walikuwa wakibeba mzigo wake hadi wanaungua. Baada ya kufunga tena kufuli lake, Justine anafungua kontakta, ile swichi kubwa inayowasha mota, na kumwonyesha Amulen mdomo mmoja wa shaba, ule wa waya wa buluu, uliolika na kuwa mweusi. Kinga ya kuzima mota inapozidiwa nayo ilikuwa imepandishwa hadi mwisho, mtindo wa mafundi waliochoka kuitwa. Rasto, mwenye bodaboda iliyomleta asubuhi, anatumwa Busia kuleta kontakta mpya.

Wakati wakisubiri, Justine anauliza mita iliyong'olewa ilikwenda wapi.

Amulen si mtu wa kutupa kitu. Anaingia stoo, anarudi na mita imefungwa kwenye gazeti kuukuu. "Fundi alisema imekufa. Ilikuwa naonyesha tisa, tisa, kila siku tisa. Akasema inadanganya, akatoa."

Justine anaishika mita ile kwa mikono miwili. Tisa. Namba ile ile aliyoisoma kwenye klampu. Mita ilikuwa ikisema kweli tangu mwanzo, siku kwa siku, kwamba waya wa buluu unakufa, nao wakaing'oa kwa uongo ambao haikuwahi kuusema.

"Hii nilitaka kulia," anatuambia baadaye. "Najua ilivyo mtu kusema kweli halafu akatolewa."

Kabla ya saa nane Rasto amefika. Kontakta imefungwa, kinga imerudishwa mahali pake, mita imerejea kwenye tundu lake. Umeme ukiwa umezimwa na kufuli likiwa mahali pake, nyaya za CT zinafungwa kwenye mita, na cha mwisho kabisa kutolewa ni kile kipande chekundu.

Wanawasha. Mahindi yanatiwa. Klampu inasoma 19, 19, 20. Na kwenye mlango wa sanduku, mshale wa mita kuukuu unapanda polepole, unapita tisa, unapita kumi na tano, unasimama kwenye ishirini. Foleni nzima imeacha foleni na kuja kutazama mshale.

"Leo najivuna," anasema Justine, na hasemi kwa sauti ndogo. "Siku nyingine nasema asante Mungu, namaliza. Leo najivuna mimi mwenyewe. Hii ni kwetu."

Mpango wake ni mmoja na hauhitaji mfadhili. Kati ya hapa na Sop Sop amehesabu mashine sitini zenye CT. Anataka ndani ya kila sanduku kuwe na kipande cha waya mwekundu na neno la onyo lililoandikwa kwa rangi, kwa Kiswahili na kwa Kiteso, na anakotakiwa kwa Kidhopadhola, ili fundi yeyote atakayefuata aambiwe kile ambacho yeye hakuambiwa. Ameshafika ishirini na tatu. Anataraji kumaliza kabla ya mavuno yajayo.

Anakusanya vifaa. Anatafuta kipande chake, na kumbe kiko kwa Amulen, aliyekwisha kukifunga uzi mpya na kukitundika kwenye msumari ndani ya mlango wa sanduku.

"Toto, hicho ni changu. Cha Emong. Kesho nitakuletea kingine."

"Kingine vaa wewe," anasema Amulen, na kufunga mlango wa sanduku kwa mkono mkavu. "Hii nabaki hapa. Mimi ndiye nafungua kila asubuhi."

Justine anakiacha, anafunga begi lake. Anapanda bodaboda kuelekea Busia. Njiani mkono unamwenda shingoni, kwa mazoea ya miaka mingi, haukuti kitu, na anauacha hapo hapo akicheka peke yake.