Jani la Sale Nililopeleka Chuo cha Manesi

Pale chuoni mkitaja jina langu hakuna anayelijua, lakini mkisema "yule bibi wa jani", hata mlinzi wa getini atacheka mpaka ashike ukuta. Basi ndiye mimi. Aibu hii nimeifunika karibu miaka miwili, kumbe kwetu Mwika nzima wanayo, na wengine wanaisimulia vibaya (eti nilikwenda na mbuzi, sikwenda na mbuzi), kwa hiyo nimeona bora niieleze mwenyewe ilivyokuwa, mcheke mara moja tuyamalize.

Nina mjukuu anaitwa Haika. Nimemlea tangu ana miaka mitatu, wazazi wake wakihangaika na maisha huko Geita. Mtoto huyu ana akili, na sisemi hivyo kwa sababu ni wangu, nasema kwa sababu ni kweli, halafu ni wangu. Kidato cha nne alifaulu biolojia, kemia na yote yale wanayoyataka kwenye unesi, nami niliyeishia darasa la nne nikavishika vile vyeti kichwa chini miguu juu nikalia hivyo hivyo. Damu haimtishi. Siku daktari wa mifugo alipokuja kumchoma ng'ombe wetu Tausi sindano, Tausi akarusha teke, daktari akawa nje ya banda, sindano akamalizia Haika.

Jioni moja tunakata majani ya ng'ombe akaniambia, "Bibi, maombi ya chuo yamefunguliwa. Niombe sasa?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Jibu lilikuwa neno moja tu, hata kupumua halihitaji, lakini mimi nikamwambia asubiri kwanza Tausi azae, maana ni uzao wake wa kwanza na tutahitaji mikono. Akasema sawa bibi. Tausi akazaa salama, ndama jike, nikasema sasa tusubiri tuchume kahawa. Sawa bibi. Kahawa ikaisha, nikasema tusubiri kipaimara cha mtoto wa jirani (cha mtoto wa jirani, jamani, hata mimi nilijisikia nikisema). Sawa bibi. Nami mjinga nikadhani ile ni adabu.

Tena sikuishia kwenye maneno. Bahasha ya vyeti niliichukua kwenye sanduku lake nikaifukia ndani ya debe la maharage ya mbegu, kwa sababu maharage ya mbegu hayaguswi na mtu mpaka mvua za kupanda. Kila asubuhi nilikuwa naingiza mkono, nikiigusa bahasha ipo, nakwenda bandani nikiwa na amani. Mwizi mzima, na asubuhi hiyo hiyo nimesali.

Sasa Jumapili moja tuko nje ya kanisa baada ya ibada, mnada unaendelea, watu wananunua ndizi na mayai ya sadaka, jirani yangu Mama Eliasi akanisogelea akaniambia binti wa mwinjilisti kachaguliwa unesi, majina yalishatoka zamani, na Jumatano wote waliochaguliwa wanakwenda chuoni na wazazi wao kupewa maelekezo. Nikashika kichwa kwa mikono miwili. Mnadishaji akadhani nimepandisha bei, akanigongea, nikarudi nyumbani na boga kubwa ambalo sikulitaka. Mwaka mzima wa mtoto nilikuwa nimeufukia kwenye maharage.

Kumwambia Haika sikuweza. Nikakaa na lile boga siku mbili tukitazamana, ndipo nikakumbuka sale.

Kwa asiyetujua: kwetu Uchaggani mtu aliyekosa sana anakwenda kwa aliyemkosea na jani la sale, lile refu la kijani tunalopanda mipakani mwa vihamba vyetu vya migomba, limefungwa fundo. Ukiletewa sale unasamehe, huna ujanja. Watu wamemaliza visa vya damu kwa jani hilo. Nikajiuliza, kama limeweza kumaliza visa vya damu, litashindwa na fomu?

Jumatano Haika aliaga alfajiri, anakwenda Njoro kwa shangazi yake Anande, binti yangu wa tatu, kusukwa nywele. Nikasema vizuri, hatajua. Nikakata sale, nikalifunga fundo, nikavaa kitenge changu cha Pasaka, nikachukua mkungu wa ndizi na dumu la maziwa (kwa mkubwa huendi mikono mitupu), Tausi nikamwachia Mama Eliasi, nikashuka Moshi.

Mlinzi akaniamkia shikamoo, akauliza kama ni mzazi. Nikasema mzazi. Akanionyesha ukumbi. Ndani umejaa, wasichana na wavulana wamekaa na wazazi wao, na mbele amesimama mkuu wa chuo, mama mmoja mrefu, mtu wa Lindi, anaeleza mambo ya sare kwa kipaza sauti. Mwenye akili angekaa nyuma akasubiri amalize. Mimi miguu ilikuwa imeshaamua. Nikapita katikati ya viti na mkungu begani mpaka mbele kabisa, nikaushusha, nikapiga magoti, nikalinyoosha jani.

Yule mama akarudi nyuma hatua moja. Akatazama ndizi, akatazama maziwa, akaweka mikono mgongoni.

"Bibi, samahani, hapa hatupokei zawadi."

"Hii si zawadi," nikamwambia. "Hili ni kosa langu, nimekuja nalo."

Akainama aninyanyue, masikini, na kipaza sauti amekishika mkono ule ule, kikaja kikatua chini ya kidevu changu. Nami nilikuwa nimeshaanza, na nikianza sisimami. Nikasema nina mjukuu ana akili kuliko ukoo wote, nikamwambia asiombe chuo mpaka ng'ombe azae, ng'ombe akazaa nikamwambia kahawa, na vyeti vyake nimeviiba mimi, viko kwenye maharage. Nikasikia maneno hayo hayo yanatoka ukutani, nikadhani kuna bibi mwingine ana kosa kama langu. Nikaendelea.

"Na wala si ng'ombe, mwalimu. Ng'ombe nakamua mwenyewe tangu sijaolewa. Niliogopa akiondoka jioni nitakula na nani."

Lakini jani bado liko mkononi mwangu, halijapokelewa, na Wachagga waliokuwamo mle wakaanza kunong'ona, maana kukataa sale ni jambo zito. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akasimama na fimbo yake.

"Mwalimu, lipokee hilo jani. Wewe ni mgeni, hujui unachokikataa. Asipopokelewa huyu mama hainuki, na sisi maelekezo ya sare hatutayasikia."

Akalipokea kwa vidole viwili. Akaniuliza mjukuu anaitwa nani, nikataja majina yote matatu, karani akapitisha kidole kwenye karatasi yake, akamnong'oneza. Mkuu wa chuo akanigeukia.

"Bibi, huyu yumo. Na asubuhi hii amefika, amesaini."

Nikageuka. Mstari wa tatu, Haika amejifunika uso kwa daftari, na pembeni yake Anande, binti niliyemzaa mwenyewe, anateleza taratibu chini ya kiti. Wote wawili nywele hazijasukwa.

Vicheko vilivyolipuka pale mnaweza kuvifikiria wenyewe. Mkuu wa chuo alipoweza kusema tena, akamwita Haika mbele, kisha akanirudishia jani. "Bibi, mimi hukunikosea," akaniambia. "Uliyemkosea huyu hapa."

Na alisema kweli. Lakini mtu mzima kumpa mjukuu sale sijawahi kuona, wala mama yangu hakuona. Nikamnyooshea. Haika akapiga magoti naye, tukawa wawili chini, akalipokea kwa mikono miwili kama ushirika, akaniinamia sikioni aninong'oneze (kipaza sauti bado kipo, hakuna aliyekumbuka kukizima).

"Bibi, niliomba wiki ile ile ya kwanza. Vyeti nilivitoa kwenye maharage. Kwenye ile bahasha kuna kalenda ya mwaka juzi."

Yaani miezi yote ile, kila asubuhi, nilikuwa nalinda kalenda.

"Na mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nasubiri kahawa iishe," akasema, akanikumbatia huku anacheka na machozi yanamtoka, na mimi vivyo hivyo, na watu wakapiga makofi utafikiri ni harusi.

Maziwa mkuu wa chuo aliyakataa mpaka mwisho, nikampa yule mzee wa fimbo. Ndizi zilikwenda jikoni, kwa masharti kwamba ni za wote, nami nikazifuata, kwa sababu mpishi alikuwa anataka kuzimenya kama viazi. Tukapika mtori, supu yetu nzito ya ndizi, tukaongeza maji, tukaongeza tena. Mchana ule, mimi niliyekuwa naogopa kula peke yangu, nilikula na ukumbi mzima, kila anayepita ananiamkia, "Shikamoo bibi wa jani," na Anande anainamia bakuli lake kama hanijui. (Naye nilimshughulikia baadaye. Sale lake bado hajaleta.)

Haika sasa yuko mwaka wa pili. Jani limekauka, amelibandika ukutani juu ya kitanda chake, wenzake wakigombana wanalitazama kwanza. Kila jioni saa ya kula ananipigia simu, naiegemeza kwenye sufuria, ananiambia anakula nini, namwambia chumvi imezidi hata kama sijaionja. Akija nyumbani ananipima presha, anasema iko juu, nasema ni ya aibu.

Mwezi uliopita mdogo wake alinipigia kutoka Geita, anataka chuo cha maabara, akaniuliza lini aombe. Nikamwambia omba hapo hapo ulipokaa, simu usikate. Tausi ana mimba tena, azae akipenda, mimi sisubirishi mtu. Na nimeapa: nikimkosea mtu nitamfuata yeye mwenyewe, jikoni, mlango umefungwa, nami nitaangalia kwanza mkononi ameshika nini.