Alasiri Ndege Waliponyamaza

Mwezi uliopita nilipanda kijijini Nkoaranga kumsalimia baba mdogo, aliyerithi kihamba cha bibi, yaani lile shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Nilimwambia wa bodaboda aniache barabarani, nimalizie kilima kwa miguu. Wewe ambaye nawe ulikuwa na kwa bibi unajua: masikio hufika nyumbani kabla ya mwili. Nilipokuwa mdogo, kwenye kona ya mwisho nilikuwa nasikia kwanza maji ya mfereji, kisha panga la bibi likikatakata mgomba wa kuwalisha ng'ombe, kisha kikohozi chake. Alikuwa na kikohozi kifupi, kikavu, cha mtu aliyezeeka akipuliza kuni mbichi. Nikikisikia, nilikuwa nimefika.

Nililetwa kwake kila likizo kwa sababu wazazi wangu walifanya kazi mjini Arusha na nyumbani hapakuwa na wa kushinda nami. Asubuhi tuligeuza kahawa kwenye vichanja, mchana tulikula loshoro, yale mahindi yaliyolala ndani ya maziwa ya mgando, na jioni nikanusa moshi kwenye nguo zangu mpaka nikasinzia. Mwezi wa saba baridi ilikuwa kali na ukungu ulishuka kutoka msituni ukatukuta shambani. Migomba ya mbele ilibaki, ya nyuma ikafutika.

Bibi hakuwa mwoga. Nilimwona akimuua nyoka kwa mpini wa jembe huku akiendelea kuzungumza na jirani habari za harusi. Hata hadithi zake za mazimwi hazikututisha sisi wajukuu. Tulimwomba aliongeze zimwi meno, aliongeze kucha, naye akaongeza, tukazidi kucheka. Alikuwa na usemi wake: "Ukishalihesabu meno, halikutishi tena."

Kwa hiyo elewa kwa nini sijaisahau alasiri ile.

Tulikuwa juu kabisa ya shamba, mpakani na msitu, tukikata majani ya ng'ombe. Ukungu ulikuwa umetufunika, lakini hatukujali. Ghafla bibi alisimama, mundu mkononi. Nikataka kumuuliza, akanifunika mdomo kwa kiganja chake, kilichonuka majani mabichi na vitunguu. Hakunitazama. Alikuwa anausikiliza msitu. Kisha akanigeuza, akanitanguliza, tukaanza kushuka polepole, yeye nyuma yangu, mkono wake begani mwangu. Mzigo wa majani tuliuacha palepale. Bibi, ambaye hakuwahi kuacha hata kijiti cha kuni njiani, aliacha mzigo mzima.

Nyumbani alifunga mlango, jua bado lipo. Akachochea moto, akabandika chai. Nikamuuliza kulikuwa na nini. Akaniambia ninywe. Nikauliza tena, akaniambia tena ninywe. Kesho yake nilingoja nisikie kwamba mbuzi wa mtu ameliwa, au mtu amekutana na chui. Hakuna aliyesema kitu. Mbuzi wote walikuwepo. Tulipanda tukauchukua mzigo wetu, umenyauka kidogo tu, na maisha yakaendelea.

Nilikua na hofu ile kama mtu anavyokua na kovu. Giza halikunisumbua, wala makaburi. Lakini mahali popote pakinyamaza ghafla, mgongo wangu uliikumbuka alasiri ile.

Miaka mingi baadaye, mimi na wenzangu wawili tulipanga chumba mtaa wa Kwa Mrombo, Arusha, nyuma ya duka la nafaka, tukaanza kutengeneza gemu la kutisha la kompyuta. Mmoja alikuwa mchoraji, mwingine fundi wa programu, mimi nilishughulikia sauti. Mchoraji alilitengeneza zimwi kwa miezi: pembe, ute, macho mekundu. Mimi nikalipatia ngurumo. Siku tuliyowaita vijana wa mtaani waje kulijaribu, walicheka. Mmoja alisimamisha gemu zimwi likiwa limefumbua kinywa, akala chipsi zake taratibu, kisha akaendelea. Binti mmoja, mwanafunzi wa chuo, alituambia kwa upole kwamba zimwi letu ni zuri. Hakuna neno lililotuumiza kama hilo.

Fundi wa programu alikuwa ameshapata kazi Dar es Salaam. Alituambia atakaa mpaka mvua za vuli, gemu lisipoeleweka aende. Mchoraji aliacha kuja kabisa. Mimi nikapanda kwa bibi, si kwa ajili ya gemu, bali kwa sababu nilikuwa nimechoka na sikujua pengine pa kwenda.

Macho yake yalikuwa yamefifia. Nilipomwambia shikamoo aliitika marahaba, akanishika uso kwa mikono miwili ahakikishe ni nani. Tukakaa jikoni. Nikamweleza kazi yetu, na jinsi watu walivyolicheka zimwi. Akauliza kama tulilionyesha. Nikamwambia ndiyo, lote. Akaguna tu. Hapo ndipo nikapata ujasiri wa kumuuliza swali la utotoni: siku ile mpakani alisikia nini?

Aliusukuma ukuni motoni.

"Sikusikia kitu," alisema. "Ndege walikuwa wanalia, mbega wanalia, halafu wote wakanyamaza kwa pamoja. Maji tu yakabaki."

"Mbona hukuniambia, bibi?"

"Ningekuambia nini? Ningesema chui, ungemwogopa chui, na chui tunamjua. Mimi sikujua ni nini. Na wewe ulikuwa mtoto wa watu, umeachwa mikononi mwangu."

Nilibaki kwake wiki nzima na mashine yangu ya kurekodi. Nilirekodi mfereji, panga, ng'ombe akitafuna, sufuria ikifunikwa, ndege hondohondo akilia juu ya mti, na kikohozi. Alishangaa kwamba sitaki aseme kitu. Akamwambia jirani kwamba mjukuu wake amesoma miaka yote ile ili aje amrekodi akifagia.

Niliporudi mjini nilimbembeleza mchoraji arudi, kisha nikamwomba alitoe zimwi. Alinuna siku kadhaa, halafu akachora ukungu, na nakuambia, ukungu wake ulikuwa bora kuliko pembe zote. Katika gemu jipya wewe ni mtoto unayekata majani. Chini yako kuna nyumba usiyoiona, unaisikia tu. Unazoea. Kisha ndege wanaacha kulia. Halafu ng'ombe. Halafu panga. Hakuna kinachokukimbiza.

Vijana walewale walikuja, mchana, mlango wazi, wauza mkaa wakipita nje. Yule binti wa chuo alivaa hedifoni. Alicheza vizuri, akitabasamu, mpaka mahali fulani mikono yake ikasimama. Alivua hedifoni, akatazama mlangoni, kisha akanigeukia.

"Dada, mbona yule bibi hakohoi tena?"

Hakuna aliyecheka. Nikaelewa kile ambacho pembe na ngurumo zisingenifundisha. Binti yule hakuwa anajiogopea mwenyewe. Tulimpa kwanza mtu wa kumpenda, ndipo tukamnyamazisha mtu huyo.

Nilimpelekea bibi asikilize. Nilimvalisha hedifoni juu ya kitambaa chake, akafumba macho. Alitambua panga lake, akatambua ng'ombe wake kwa jina. Ukimya ulipoanza alikaa kimya nao, kisha akazivua.

"Umefanya vizuri," alisema. "Lakini usimwache mtoto huko juu. Mrudishe nyumbani."

Kwa hiyo gemu letu, mchezaji akivumilia, linamalizikia mlangoni, na ndani mtu anakohoa. Wenzangu walisema mwisho huo unaipoza hofu. Mimi nilikataa kuubadilisha. Gemu lilitoka, likachezwa mbali kuliko tulivyowahi kufika sisi wenyewe. Fundi wa programu alikwenda Dar baadaye, kwa amani. Bibi alizikwa msimu wa baridi uliofuata, karibu na migomba.

Sasa nirudi kwenye safari ya mwezi uliopita. Baba mdogo amejenga nyumba ya tofali, amebomoa jiko la zamani, kahawa ameing'oa akapanda parachichi. Maji ya mfereji yameingizwa kwenye bomba. Simlaumu, watoto wanasoma. Nilipanda peke yangu mpaka mpakani na msitu, na ukungu ukashuka kama zamani. Ikafika dakika ndege wakanyamaza, kweli wakanyamaza. Nikasimama nikingoja hofu yangu.

Haikuja. Nilisikiliza kule chini na hapakuwa na sauti niliyoogopa kuikosa, kikohozi kile nilikuwa nimeshakikosa. Basi nikakaa kwenye majani yenye umande, nikalia kidogo, mpaka mke wa baba mdogo aliponiita chai.

Nikashuka bila haraka.