Kioo cha Watu Wawili

Kioo kikubwa hakibebwi na mtu mmoja, na ukishakibeba na mwenzako huna siri naye tena. Akikohoa huko aliko, kikohozi unakipata kwenye viganja. Akichoka, vidole vyako vinapata habari kabla ya masikio. Ndiyo maana fundi vioo mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Taratibu kwa jinsi alivyotembea na mzigo wake, alikuwa hana raha hata kidogo. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, na mtu wa upande wa pili alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mwenye karakana na mwenye mdomo wake.

Kutetemeka kulianza alipoanza dawa. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa kulala na viatu, wa kutazama ukuta, wa kujibu "ndiyo" hata akiulizwa anataka kula nini. Mkewe alivumilia wee, mwisho akamshika mkono kama mtoto wa chekechea, huyo, hadi kwa daktari. Daktari, mama mmoja mwenye sauti ya chini, alisema ni sonona, ni ugonjwa, unatibika, akampa vidonge. Akamweleza kwamba mwanzoni mwili unaweza kusumbua, na kwamba akiona hawezi kutulia kabisa arudi upesi, asiache dawa kwa uamuzi wake. Taratibu aliitikia kwa kichwa. La kusumbuliwa alilisikia. La kurudi liliingia sikio hili likatokea lile.

Na kweli mwili ulimsumbua, tena bila adabu. Alipiga miayo mbele ya wateja mpaka mmoja akamuuliza kama anamchosha. Alitoka jasho kivulini. Meno yalijibana yenyewe, jioni taya linauma kama limetafuna kamba. Hayo yote afadhali. Balaa lilikuwa miguu. Akikaa, inataka asimame. Akisimama, inataka aondoke. Akiondoka, anafika anakokwenda na kukuta hana shughuli huko. Chakula alikila akizunguka meza, sahani mkononi.

"Utanichimbia mtaro hapa sebuleni, baba watoto," mkewe alimtania.

Siku zilizofuata hakutania tena. Alimsihi warudi kwa daktari. Taratibu akasema kazi ni nyingi, akamwapisha asimwambie kaka yake neno.

Tusimlaumu haraka. Shemeji aliwahi kumfukuza fundi aliyekuja kazini ananuka pombe, akamfukuza kabla kioo hakijashushwa garini. Mkono usioaminika haupewi kioo, basi, hakuna mjadala. Na Taratibu hakuwa na kazi nyingine anayoijua wala anayoitaka. Kwa hiyo akaanza kukwepa. Alijitolea kukwangua gundi ya zamani. Alijitolea kupiga sabuni fremu. Alijitolea kwenda dukani kununua misumari ambayo karakana ilikuwa nayo tele, ilimradi atembee.

Siku ya dirisha la ofisi ya ghorofani, ukwepaji ulifika mwisho. Kioo kilikuwa kirefu kuliko mlango, na mafundi ni hao hao wawili. Taratibu alitangulia, akipanda ngazi kinyumenyume. Shemeji alifuata chini yake akimwongoza. Walipofika kwenye kona ya ngazi, mikono ikamkataa. Kioo kikaanza kuvuma kwa sauti nyembamba, na wote wawili wakaisikia.

"Weka chini," alisema shemeji.

"Tumalizie tu. Zimebaki ngazi chache."

"Nimesema weka chini."

Wakakiegemeza ukutani, juu ya vipande vya mbao. Shemeji akamsogelea, akamnusa mdomo bila aibu yoyote.

"Pombe hakuna. Sasa hii ni nini?"

"Dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya sonona. Dada yako ndiye aliyenipeleka." Miguu ilikuwa inampeleka huku na huku kwenye kile kijinafasi. "Lakini naziacha. Leo hii hii naziacha, shemeji, na mikono itarudi, utaona mwenyewe."

Shemeji alimwita mlinzi wa jengo, jamaa mwenye mabega, akamvalisha glavu za Taratibu na kumwonyesha pa kushika.

"Wewe kaningoje chini," alimwambia Taratibu.

Kuona mtu mwingine amevaa glavu zako kunauma, tena kunauma pabaya. Taratibu alishuka hadi barabarani, akatembea mpaka kona ya jengo, akarudi, akaenda tena. Alikuwa na hakika amekwisha kufukuzwa, bado kuambiwa tu. Akasimama mbele ya pipa la taka, akatoa pakiti ya vidonge mfukoni. Alijiuliza faida yake ni nini, ikiwa vinamwondolea huzuni na kumwondolea kazi. Akavitazama. Akafungua kifuniko cha pipa.

"Hebu acha!"

Shemeji alikuwa mlangoni, anahema, shati limelowa.

"Umekosea kufikiri," alisema, akimjia. "Unadhani mikono yako ya mwaka jana ndiyo ninayoililia? Mwaka jana hukutetemeka. Nikikwambia kushoto, kushoto. Nikikwambia simama, umesimama. Unaikumbuka siku kioo kilipopasuka kikanichana mkono? Damu inamwagika mpaka kwenye viatu vyangu, wewe unaniuliza tulete kingine au tufunge kazi? Nilikwenda nyumbani nikamwambia mke wangu, leo nimebeba kioo na maiti."

Siku hiyo Taratibu hakuikumbuka kabisa, na hilo lilimtisha kuliko yote.

"Leo umetetemeka, lakini umeogopa. Umekiogopea kioo, umeniogopea mimi. Nimekuona usoni. Huyo mtu namtaka." Akazichukua dawa, akazirudisha kwenye mfuko wa shati la Taratibu na kuupigapiga. "Kioo hushiki mpaka daktari aseme. Vidonge hutupi mpaka daktari aseme. Panda gari."

Daktari aliwasikiliza wote wawili. Alisema huko kushindwa kutulia ndiko alikomwonya, na hakukustahili kuvumiliwa kimyakimya. Akapunguza dozi, akaongeza kidonge cha kutuliza miguu, akasema wakiona bado watabadilisha dawa yenyewe. Alipomuuliza Taratibu kama anataka kuendelea na matibabu, Taratibu aligusa mfuko wa shati wenye vidonge.

"Nataka," alisema. "Sitaki kurudi kule nilikokuwa."

Nje, kwenye dirisha la dawa, watu walikuwa wamekaa kwenye mabenchi wakingoja kuitwa. Mama mmoja akavuta mkoba wake kuwapisha.

"Karibuni mkae, nafasi ipo."

Taratibu alijaribu. Makalio hayakupata hata joto la benchi, akainuka, uso umemwiva kwa haya. Shemeji, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameketi na kunyoosha mgongo uliopandisha kioo ngazi zote zile, akainuka pia.

"Asante mama," alisema. "Sisi tunasimama."