Mwalimu Huwaida na Chupa Iliyojaa

Siku ya tatu ya safari ya Mlima Kenya, Mwalimu Huwaida wa Ndau alianza kupepesuka kama mlevi, naye kileo hajapata hata kukinusa.

Asubuhi alitoka kambini wa pili katika walimu wanane, kifua mbele. Kwa miezi sita alikuwa amejizoeza kwao kisiwani, dumu la lita ishirini mgongoni, akipanda na kushuka vilima vya mchanga huku watu wakinong'ona kwamba mwalimu kaingiwa na shetani. Waache waseme. Miaka kumi na tisa amewafundisha watoto habari za barafu ya mlima huu, na barafu yenyewe hajaitia machoni. Jambo hilo lilimkera. Aliapa ataigusa kwa mkono wake kabla haijayeyuka yote, na kesho ndiyo siku yenyewe, mradi leo afike kibanda cha juu.

Hapo ndipo penye kazi. Patroba, kiongozi wao, ni mpole wa maneno lakini kwa masharti hana mchezo: asiyefika kibandani saa tisa atateremshwa na mpagazi, basi. Na ilipofika saa sita, Huwaida alikuwa wa mwisho. Kichwa kilimgonga, ulimi ulimganda kinywani. Njia ilipanda sambamba na mto, maji yakiruka juu ya mawe, na pimbi walimkodolea macho kutoka miambani. Alipiga hatua kumi, akasimama. Kumi tena, akasimama. Halafu akajikuta amekaa chini bila kupenda.

Patroba akarudi kumfuata.

"Mwalimu, tushuke tu. Hakuna aibu."

"Sishuki."

"Umekunywa maji?"

"Nimekunywa."

Patroba akamsogelea. Alimvua mkoba, akaitoa chupa yake ya lita mbili, akaiinua juani. Ilikuwa imepungua vidole viwili tu.

"Hii ndiyo kunywa?"

"Hayo ni mai ya ndia, Patroba. Na ndia ingali ndefu."

Msimcheke kwa kuweka maji ya njia. Ndau hakuna mto. Maji ni ya mvua, hukingwa yakahifadhiwa ndani ya jabia, birika kubwa la kujengwa, na mtoto hujua kupimiwa kikombe kabla hajajua kusoma. Anayejinywea tu safarini huonekana hakulelewa. Basi siku tatu Huwaida alikuwa ameandamana na mto ule kama mgeni aliyewekwa karibu na chakula cha watu, hagusi, analowesha midomo tu. Siku ya kwanza mwenzake Kemunto, mwalimu wa Kisii, alimwaga nusu chupa ili ateke maji ya baridi zaidi, na Huwaida nusura alie.

Patroba aliutazama mto, akamtazama mwalimu, akauma mdomo asicheke.

"Mama, huu mto hauishi leo. Kunywa polepole, umalize yote. Ukiweza kusimama, tunaenda. Ukishindwa, tunashuka."

Wallahi, kupanda kulikuwa kazi ndogo kuliko kunywa kule. Kila funda alihisi mama yake amesimama nyuma yake na kata ya kupimia maji mkononi. Alikunywa huku machozi yakimtoka, hasira na aibu pamoja, maana sasa alielewa kwamba mlima haukuwa umemshinda. Alikuwa anashindwa na malezi yake mema. Chupa ilipokwisha, Patroba akaijaza mtoni, akatia kidonge cha kusafishia maji, akamrudishia.

Baada ya muda kichwa kikapoa kidogo. Huwaida akasimama, akayumba, akasimama tena.

"Lete mkoba wangu."

"Nikusaidie kuubeba."

"Hapana. Nitaubeba mwenyewe."

Mwinuko wa mwisho ulikuwa wa changarawe, kila hatua mbili ikirudisha moja, lakini mchanga wa kwao ulikuwa umeshamfunza hilo. Alipanda ameinamisha kichwa. Kila Patroba aliposema kunywa, alikunywa. Alipogusa ukuta wa kibanda ilikuwa saa tisa kasoro dakika nne, na Patroba akamwonyesha saa yake huku anacheka waziwazi.

Kemunto alitoka mlangoni na kikombe cha maji. Huwaida alikinywa chote kwa mkupuo mmoja, akakirudisha, mkono wake bado umenyooka.

"Nitilia mai tena," akasema, na hakuona haya.