Cheni Mbili kwa Mkaratusi Mmoja

Mkata miti wa Marani haanzi kazi kabla ya kushindanisha cheni zake za msumeno wa petroli. Hufunga kwanza ile ya meno yenye pembe kali, akate kipande cha gogo, kisha hufunga ile ya meno ya mviringo, akate kando yake. Anayehesabu, moja, mbili, mpaka kipande kianguke, ni mwenye shamba. "Kwa sauti, tata, baba yangu, na usipendelee!" Siku hiyo mwenye shamba, Mzee Ogari, alihesabu mpaka tisa, halafu mpaka kumi na nne. Mkata miti akacheka, mabega yakitikisika. "Umeona? Hii ya pili inatembea polepole kama mtu anayepeleka ng'ombe wa mahari."

Kwa ile cheni ya hesabu tisa, mkaratusi uliokuwa kando ya njia ya kisimani ulilala mapema tu. Akauliza kama kisiki kibaki kimo cha goti, kama kwa watu wengine.

"Chini kabisa," Mzee Ogari alisema. "Mke wangu Nyanchama alipita hapa na maji kichwani. Mizizi ilimkwaza, akaanguka. Alikuwa ameniomba niukate mti huu, nikachelewa."

Mkata miti hakutania tena. Akafungua ile cheni ya mbio, maana ikionja udongo makali yake huisha, akafunga ile ya polepole. Akapiga magoti, akakata kwa muda mrefu, akipapasa kwa kiganja kila mara. Alipomaliza alivua buti, akajitwika kichwani mtungi wake wa petroli, akapita juu ya kisiki akitazama mbele. Hakujikwaa.

"Pita tena," Mzee Ogari akamwambia.