Betri Nyuma ya Pazia

Chumba chetu cha Kariobangi, Nairobi, kilikuwa kimoja tu, cha mawe, chenye dirisha dogo lililotazama ukuta wa jirani. Pazia lilikigawa mara mbili. Upande wa mlango tuliweka meza na viti viwili, na nyuma ya pazia kilikuwa kitanda changu na mke wangu. Baba alipoletwa kutoka Ukambani kutibiwa kifua, tulimtandikia godoro upande wa mlango. Hatukuwa na mtoto bado, kwa hiyo tuliishi watatu.

Daktari alimsikiliza baba mgongoni akatuambia moshi ukae mbali naye, hasa wa mafuta ya taa. Kupika tukahamishia nje. Taa ndiyo ilikuwa shida, maana ploti yetu haikuwa na stima. Nilikuwa kibarua wa kupakua mizigo katika ghala moja huko Industrial Area, na hapo palikuwa na paneli ya sola iliyopasuka pembe, imekosa mnunuzi. Miaka hiyo ya themanini ni wachache mtaani waliojua ni kitu gani. Nilimwomba msimamizi, akanipa. Betri nikaipata kuukuu, ya lori. Nasema haya ili ijulikane kwamba kazi yote niliifanya kwa ajili ya baba. Hilo ni kweli. Yanayofuata pia ni kweli.

Nilimwita fundi wa redio aliyekuwa na kibanda karibu na soko. Aliifunga paneli juu ya mabati, akapitisha waya, akaning'iniza globu katikati ya chumba, juu ya pazia, imulike pande zote mbili. Kisha akagonga ukuta kando ya mlango kwa bisibisi.

"Betri ikae hapa," akasema. "Waya itakuwa fupi, na hii kitu inapumua asidi. Ikitaka kupumua, ipumulie mlangoni. Swichi nayo hapa, mtu akiingia anawasha."

"Hapo wezi wataiona."

"Mwizi haogopi pazia, jamaa yangu."

"Iweke chini ya kitanda. Na swichi iwe kando ya mto."

Akanitazama, akacheka. "Kumbe unataka kuzima taa ukiwa umelala, kama mdosi kwa hoteli!"

Mimi pia nilicheka, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Wezi nilikuwa nawaogopa, lakini nilichotaka hasa ni kulala, ninyooshe mkono, chumba kizime. Tangu nizaliwe sikuwa nimewahi kuwa na kitu kama hicho. Baba alikuwa ameketi kwenye godoro lake, hatua mbili kutoka pale, anakohoa taratibu. Sikumuuliza lolote. Fundi alipomaliza, nilivuta pazia nikamwonyesha.

"Swichi ni ile pale, baba. Jioni kabla hatujarudi unanyoosha mkono tu."

"Nimeona," akasema.

Mke wangu aliuza nguo sokoni Gikomba na alifika nyumbani baada ya giza kuingia. Mimi nilifika nimechelewa zaidi. Kila tulipofika tulimkuta baba ameketi gizani, mlango uko wazi. Mke wangu akiuliza mbona hakuwasha, baba alijibu kwamba giza halijamuuma, au kwamba alikuwa amelala. Tulidhani anaihurumia betri. Mke wangu ndiye aliyekuwa akipita nyuma ya pazia kuwasha, halafu tunakula kwenye mwanga mzuri, mweupe, na majirani wanachungulia.

Siku moja lori la mizigo halikuja ghalani, nikaachiliwa mapema. Nilipofika kwenye ploti jua lilikuwa limetua sasa hivi. Jirani yetu, mama mmoja mwenye mdomo, alikuwa anaanua nguo.

"Afadhali umekuja ujionee," akaniambia. "Nyinyi ndio wenye jua juu ya mabati, na mzee wenu anakaushwa ndani kama samaki!"

Niliingia. Koroboi yetu ya zamani, ya mafuta ya taa, ilikuwa inawaka mezani, utambi wake mrefu, moshi mweusi umenyooka hadi juu. Baba alikuwa ameinama karibu nayo anarekebisha kamba ya kiatu. Aliponiona aliipuliza haraka, kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi. Kumbe kila siku ndivyo ilivyokuwa. Aliiwasha giza likiingia, akaizima na kufungua mlango saa za mke wangu kurudi.

"Baba, daktari alisema nini?"

"Nilisikia."

"Na swichi si nilikuonyesha?"

Alikohoa hadi akashika meza. Alipopata pumzi akasema, "Kule ni kitanda cha mke wako. Unataka mimi baba yako niende nikapapase huko gizani, nikitafuta taa kando ya mto wa mkaza mwanangu?"

Niliingia Nairobi nikiwa na miaka kumi na miwili. Mila hiyo naijua, kila Mkamba anaijua, lakini niliijua kama mtu anavyojua jina la mto asioteka maji. Mke wangu aliijua vizuri kuliko mimi, na baadaye aliniambia kwamba siku ya fundi alitaka kusema, akaona haya kutaja kitanda mbele ya baba mkwe.

"Isogeze tu hiyo swichi," baba akasema, sasa kwa upole. "Haya si makosa. Ni mahali tu."

"Jumapili nitamwita fundi."

Jumapili nilikwenda kutazama mpira. Jumapili iliyofuata nilipita kibandani, nikakuta kimefungwa, na sikuuliza anakaa wapi, ingawa mtaa mzima ulimjua. Mke wangu alijaribu kuwahi kurudi. Siku nyingine aliwahi, siku nyingine hakuwahi, na koroboi ikawaka. Wiki hiyo ya pili baba alishindwa kupumua asubuhi, tukampeleka hospitali, na hakurudi.

Sisemi koroboi ndiyo iliyomuua. Daktari alisema kifua kilikuwa kimeharibika zamani. Pia sisemi haikumuua.

Watu wa matanga wakaanza kuja jioni, wa kanisani na wa ghalani. Pazia likaondolewa ili watoshe, na wazee wakasema haifai betri kukaa huko kitandani, watu wakikanyagana juu ya waya. Wakamwita fundi. Akaihamisha, akaifunga kando ya mlango palepale alipokuwa amepagonga, na swichi juu yake. Alimaliza kabla chai haijachemka.

"Si nilikuambia ni hapa?" akasema. Kisha akakumbuka yuko matangani, akainamisha kichwa, akaanza kukusanya vyuma vyake.

Mzee wa kanisa aliwasha mwenyewe. Watu wakafurahi jinsi kulivyokuwa kweupe. Akatuombea. Katikati ya maombi akamshukuru Mungu kwa mwana huyu, aliyemtafutia baba yake mwanga katika siku zake za mwisho.

Wote wakasema amina, nami nikasema.