Hewa Safi ya Kabati

Asubuhi moja niliondoka Naivasha bila kujua ninakoenda. Kazi ya kufunga maua ilikuwa imeisha, chumba nimekirudisha kwa mwenyewe, na begini nilikuwa na nguo chache na simu yenye kioo kilichopasuka. Nilisimama upande wa barabara unaoelekea Nakuru kwa sababu ndio uliokuwa na kivuli. Lori lililobeba mbao za saiprasi likasimama, dereva akaniuliza kama ninaweza kushusha mzigo. Nikapanda. Hivyo ndivyo nilivyofika kwa mwenye mbao hizo, fundi seremala ambaye bado ananikasirisha nikimkumbuka, ingawa alinilisha vizuri.

Karakana yake ilikuwa nyumbani kwake, katika mtaa mmoja wa Nakuru: kibanda cha mabati kilichoegemezwa kwenye ukuta wa nyumba. Upande wa pili wa ukuta huo kilikuwa chumba cha kulala cha fundi na mkewe, na ukuta wenyewe haukufika paani. Juu yake palikuwa na pengo la kumtosha paka, na paka alipita kweli. Vumbi nalo lilipita. Tukiwasha mashine ya msasa, kibanda kilijaa wingu jeupe, likapanda, likaingia penye pengo na kutua juu ya kitanda cha wenye nyumba.

Mkewe alikuwa mama wa makamo mwenye mizaha mingi, na kifua kilikuwa kinamnyang'anya mizaha hiyo. Alikuwa akianza kisa cha jirani au cha mchungaji, anafika karibu na pale pa kucheka, kisha pumzi inakata. Sisi tunabaki tukimtazama, yeye ameshika ukingo wa meza, mabega yakipanda na kushuka. Kliniki walimwambia akae mbali na vumbi. Alipoleta habari hiyo nyumbani, mumewe alimwuliza, "Vumbi gani? Hii ni Nakuru. Unataka tupige mji mzima deki?"

Hakuwa mtu asiyejali, na hapo ndipo palipoudhi. Kila siku jioni, kabla hatujafunga kazi, alichemsha maziwa na kutumiminia vikombe, kile kikubwa kikiwa cha mkewe. "Kunywa yote," angemwambia kwa upole. "Maziwa inashukisha vumbi." Maziwa hayo nimeyanywa kwenye machimbo ya mawe, kwenye kinu cha unga na kwa wachomeleaji wa mageti. Kote nilikopita, mwenye kazi akishakununulia maziwa anajiona amemaliza wajibu wake kwa kifua chako. Hakuna anayejiuliza maziwa yanafikaje kwenye mapafu. Shule niliiacha mapema, lakini nimeshika miguu ya mbuzi wakati wa kuchinja, na nimeona kwa macho yangu kwamba njia ya chakula na njia ya hewa ni mbili.

"Bosi," nilimwambia, "maziwa inaenda tumbo. Vumbi iko kwa mapafu. Hizi vitu zinakutana wapi?"

"Umesomea udaktari wapi?"

"Sijasomea."

"Basi kunywa, mtu wa Naivasha. Inapoa."

Mkewe alicheka mpaka akakosa pumzi.

Nilianza kulichunguza hilo vumbi. Bati la paa lilikuwa na tundu la msumari, na mchana mshale mwembamba wa jua ulishuka kupitia hapo. Ndani ya mshale huo ungeliona vumbi likielea. Takataka za randa zilianguka chini mara moja, hizo hazikuwa na shida na mtu. Lakini unga wa msasa, hasa ule wa mbao za MDF, zile za kiwandani za unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, uliendelea kuelea hata baada ya mashine kuzimwa, chai kunywewa na vikombe kuoshwa. Tulikuwa tukifagia kile kisichodhuru na kuvuta kile kinachodhuru. Fundi alikuwa na feni kubwa ya sakafuni, na aliielekeza mlangoni ili itoe vumbi nje. Nje palikuwa na jiko la mkewe.

Siku za Jumapili nilizunguka kwa wauza vipuri na wauza vyuma chakavu. Nilikusanya filta za hewa za lori, zile za mviringo zenye karatasi iliyokunjwakunjwa, kisha nikatengeneza sanduku kwa vipande vya plaiwudi. Upande mmoja niliweka filta, upande mwingine ile feni ya sakafuni, ikivuta hewa kupitia kwenye karatasi na kuitoa ikiwa safi. Mara ya kwanza haikufanya lolote, kwa kuwa hewa ilipita kwenye nyufa za sanduku badala ya kupita kwenye filta. Nikaziba nyufa kwa mpira wa tairi la baiskeli. Juu ya filta nikavalisha shuka kuukuu la kukamata ule unga mzito, ili tulikung'ute nje kila jioni. Pengo la ukutani nikaliziba kwa mabaki ya plaiwudi.

"Injinia," fundi aliniita, akiliona sanduku. "Hiyo ni redio ama ni kuku unataka kufuga?"

Tulipiga msasa siku nzima. Kabla jua halijashuka nilimwonyesha mshale wake, karibu hauna kitu ndani. Kisha nikavua shuka na kulikung'uta mbele yake. Likatoa unga wa kujaza sufuria.

"Hii yote?" aliuliza.

"Hii ndio mama amekuwa akilalia."

Usiku huo mkewe alilala bila kuamka kukohoa, na asubuhi alitusimulia kisa cha mchungaji mpaka mwisho. Hakikuwa kisa cha maana. Tulicheka kuliko kilivyostahili.

Halafu fundi akagundua jambo jingine. Kabati alilopaka vanishi siku ile lilikauka likiwa laini kama kioo, bila hata punje moja ya uchafu. Maisha yake yote alikuwa amepigana na punje hizo. Alipitisha kiganja juu ya kabati, akalizunguka, akakipitisha tena. Niliporudi kutoka kununua gundi, alikuwa ametenga kona kwa karatasi ya nailoni kama ya kitalu, akaliingiza kabati humo, na sanduku langu pamoja nalo. Plaiwudi ya pengo nayo alikuwa ameing'oa, kisa anataka hewa ya kibandani ipate pa kutokea isije ikasukuma ile nailoni.

Nilikuwa nimetengenezea mtu pumzi, naye fundi pumzi hiyo ameipeleka kwa kabati.

"Bosi, kabati haina mapafu."

"Kabati iko na mteja. Unajua mteja wa kabati ni nani? Ni yule anatulisha sisi wote, pamoja na hayo mapafu."

"Na mama?"

"Mama anakunywa maziwa."

Nilitupa kipande cha msasa chini nikatoka, kwa sababu ningebaki ningemtukana mtu mzima. Kikohozi kilirudi wiki hiyohiyo. Mkewe hakubishana wala hakulia. Siku ambayo kabati lilikuwa likichukuliwa, vanishi ikiwa imekauka kabisa, aliburuta godoro lake mchana kweupe, akainua nailoni, akalitandika kando ya sanduku na kulala. Mteja, mama mmoja wa kanisani kwao, alipoingia alikuta kabati lake linalindwa na mwenye nyumba aliyejifunika blanketi.

"Mathe, wewe ni mgonjwa?"

"Hapana," alijibu, macho juu. "Kwa hii boma, hapa ndio kuna hewa. Nimeomba kabati nafasi, ikanikubalia."

Mteja alimtazama fundi. Fundi alitazama viatu vyake. Kanisani kwao habari hiyo ingefika kabla ya kabati kufika kwa mwenyewe, naye alilijua hilo.

Kwa hiyo aliamua. Kazi yote ya msumeno na msasa ingehamia Gilgil, kwenye kipande cha shamba cha kakake kando ya barabara kuu, na nyumbani pangebaki vanishi tu. Plaiwudi ya pengo aliirudisha mwenyewe kwa misumari mirefu. Siku niliyopelekwa huko na mashine, mkewe alinisindikiza mpaka getini akinisimulia jambo refu kuhusu kuku na mzee wa mtaa, bila pumzi kukata hata mara moja, na nilifurahi.

Furaha hiyo iliisha Gilgil. Kibanda chenyewe hakikuwa na dirisha, kilijaa mabaki ya nyasi kavu, na ndani tayari palikuwa na gunia limetandikwa chini. Nilimpigia fundi simu.

"Hapo ndio utalala," alisema. "Unachunga mashine."

"Na sanduku?"

"Sanduku ni ya vanishi. Nitakutumia maziwa."

Nikamwambia mashine zitafungwa kwa kufuli na mimi nitalala penye hewa, na kwamba hakuna msasa utakaopigwa hapo kabla sijatengeneza sanduku la pili. Akasema nimekuwa na kichwa kikubwa. Nikakata simu, nikafunga kufuli, nikavuka barabara na kupanda kilima upande unakotokea upepo, nikiuliza chumba nyumba hadi nyumba. Mathe mmoja aliyekuwa akianika mahindi alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Unafanya kazi gani?"

"Ya mbao."

"Chumba iko. Lakini nguo ya kazi utakung'utia huko chini, kabla uingie geti. Sitaki hiyo vumbi kwangu."

Nikashuka hadi nje ya geti, nikavua koti lililokuwa bado na unga wa Nakuru na kulikung'uta.